Pedi na diski mpya za breki za Hilux yangu, baada ya kilomita 18,000 za kupanda na kushuka Lushoto

Nimesubiri gari litembee kilomita 18,000 ndipo niandike. Breki yoyote mpya hushika vizuri wiki ya kwanza, na sifa za wiki ya kwanza hazimsaidii mtu anayeshuka Soni na mzigo.

Gari langu ni Hilux Vigo, injini ya dizeli ya 2KD, 4x4, gia za mkono. Nafanya biashara ya mboga. Nakusanya kabichi, karoti na viazi kwa wakulima wa huku milimani, msimu wa plamsi nabeba na plamsi, kisha nashuka Mombo kukabidhi kwenye malori ya Dar, au naendelea mwenyewe hadi Korogwe na Tanga. Mara tatu kwa wiki, na sokoni kukichangamka mara nne. Naendesha mwenyewe, pembeni yuko utingo wangu.

Wasioijua njia hii niwaeleze kidogo. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita kama 33, na ndani ya kilomita hizo unashuka karibu mita 1,000. Kipande kibaya ni kuanzia Soni kwenda chini: upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo, kona juu ya kona, na pikipiki zimebeba majani ya ng'ombe zinakuja upande wako. Mwanangu yuko kidato cha nne na anapenda fizikia. Nilimwambia anipigie hesabu: gari na mzigo na watu wawili, tani 2.8 hivi, likishuka mita 950. Akarudi na daftari. Kama moto wote huo ungeingia kwenye maji ya baridi, ungechemsha zaidi ya lita 70. Madumu matatu na nusu ya lita 20, kila nikishuka mara moja! Sehemu yake inamezwa na injini ukiwa kwenye gia ndogo. Inayobaki inaishia kwenye breki, na kwenye gari kama langu breki za mbele ndizo zinazobeba sehemu kubwa.

Kabla ya hizi nilizonazo sasa, nilifunga seti mbili nyingine ndani ya miezi saba.

Seti ya kwanza ilikuwa ya shilingi 45,000, pedi za mbele tu (vibamba vinavyobana diski ya gurudumu), kutoka duka moja ambalo sitalitaja. Boksi zuri, rangi zinang'aa. Zilishika vizuri siku kumi. Baada ya hapo kila nikifika chini Mombo harufu ilikuwa kama ya mpira ulioungua, na rimu za mbele zilikuwa nyeusi tii kwa vumbi. Miezi miwili baadaye fundi alipofungua, nyama ya pedi moja, ile sehemu inayosugua diski, ilikuwa imepasuka pembeni, imeanza kubanduka kwenye bati lake. Nikiikumbuka pedi ile mpaka leo mwili unanisisimka. Ingebanduka yote tukiwa kwenye kona, nisingekuwa naandika haya.

Seti ya pili nilinunua ya bei ya kati, 80,000, na gereji moja wakanishauri nisinunue diski, tuzipeleke kwenye leizi zikachongwe, kwa sababu zilikuwa na mikwaruzo na usukani umeanza kutetemeka. Kuchonga ilikuwa 30,000 kwa zote mbili. Nikafurahi kwamba nimeokoa pesa. Hakuna aliyepima unene, na mimi sikujua kwamba unapimwa. Wiki ya tatu usukani ukaanza kutetemeka tena, safari hii hadi mikononi.

Halafu ikaja Ijumaa moja ya mwezi wa nne, mvua nyepesi, nimepakia viazi na kabichi juu yake. Nimepita Soni, nimeshakanyaga breki mara nyingi nyuma ya lori lililokuwa linasuasua, nikafika kona, nakanyaga: pedali ngumu kama nimekanyaga jiwe, gari linaenda tu. Halikuongeza mwendo ghafla, lakini lilikataa kupunguza. Nilirudisha gia ya pili, injini ikapiga kelele, nikavuta breki ya mkono taratibu, nikaliegesha kwenye mtaro upande wa mwamba. Utingo wangu alishuka na jiwe kabla hata sijazima injini. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanatoa moshi. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima, na mimi sikuweza kuongea.

Fundi wangu wa Lushoto alipofungua kesho yake alinionyesha. Diski zilikuwa na mabaka ya bluu. Uso wa pedi ulikuwa unameta, umekuwa kioo. Kisha akasugua ukingo wa diski kwa brashi ya waya, akanionyesha maandishi ambayo sikuwahi kujua kwamba yapo: MIN TH, yaani unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, na mbele yake 23, kwa milimita. Akaleta venia yake, kile kifaa cha kupimia unene, akapima: 21.8. Akasema, "Mama, hii ilishakufa kabla hata hujatoka gereji." Diski ikiwa nyembamba haina mwili wa kubeba moto, inapata moto haraka, inaupeleka kwenye pedi, pedi inaungua, na pedi iliyoungua haishiki. Kwangu mpya ni milimita 25. Kikomo ni 23. Basi ukiambiwa uchonge, kwanza upimiwe mbele ya macho yako, na uulize itabaki ngapi baada ya kuchongwa.

Hapo ndipo nilipoamua kwamba safari hii nitanunua kama mtu anayenunua uhai wake.

Nilipanda Fuso la kabichi kwenda Dar. Kwenye kiroba nilibeba diski moja ya zamani, kadi ya gari yenye namba ya chesesi, na mizani yangu ya kuning'iniza, ile ninayopimia viazi. Diski niliibeba kwa sababu Vigo zilitoka na diski za vipimo tofauti kulingana na mwaka na nchi lilikouzwa, na muuzaji akikuambia "zote ni sawa tu" unaweza kurudi Lushoto na kitu kisichoingia kwenye kalipa, kile chombo kinachobana pedi kwenye diski. Mizani nilibeba kwa sababu ndicho kifaa cha kupimia ninachokiamini kuliko vyote, nimekitumia miaka kumi na mmoja.

Kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, nilizunguka nusu siku. Kijana mmoja aliniletea diski mbili, akasema, "Bosi, hizi OG kabisa, Japani." Nikamwomba ndoano ya kutundikia. Alicheka, lakini alinipa. Kilo 6.7. Duka la tatu walikuwa na nyingine ya kipimo kilekile, upana uleule, unene uleule wa 25: kilo 8.5. Ukizilaza chini na kuchungulia pembeni, katikati ya sahani mbili za diski kuna kuta ndogondogo zinazoacha njia za hewa. Ile nyepesi kuta zake zilikuwa chache na sahani zenyewe nyembamba kama bati la bakuli. Unene wa nje ulikuwa sawa kwa sababu uwazi wa katikati ulikuwa mkubwa. Kwa macho, mtu asiye na mizani asingeona tofauti yoyote. Chuma pungufu ya karibu kilo mbili kila upande ni chuma ambacho hakitakuwepo kupokea moto wa lita 70 za maji.

Kwenye pedi nilijifunza kusoma herufi. Geuza pedi, tazama ukingoni kwenye nyama yenyewe au nyuma kwenye bati. Pedi nyingi zilizotengenezwa na watu wanaojali zina herufi mbili zimechapwa, kama EE, FF au GG. Herufi ya kwanza inaeleza inavyokamata ikiwa na moto wa kawaida, ya pili inavyokamata ikiwa imepata moto mkali. Kwa kipimo cha msuguano, E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa mtu wa milimani herufi ya pili ndiyo yenye kazi. Ukiona FE, maana yake ikipata moto inashuka daraja, na sisi moto tunaupata kila siku. Herufi hizi hazikuambii pedi itadumu muda gani wala kama itapiga kelele, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kuzichapa uongo. Lakini pedi zangu za 45,000 hazikuwa na herufi yoyote, wala namba, wala alama. Bati jeusi tu.

Mwisho nilienda kaunta ya wakala rasmi wa Toyota. Nilitoa namba ya chesesi, dada wa kaunta akaiingiza kwenye kompyuta, akaniandikia namba za spea za gari langu hasa. Nampongeza dada yule. Hakuniharakisha, na nilipomwomba aniruhusu kufungua boksi nione herufi alifungua mwenyewe. FF. Diski alizileta zikiwa na mafuta ya kuzuia kutu, zimefungwa karatasi. Nilizipima pia, akanitazama tu. Kilo 8.6 na kilo 8.6.

Bei ni hii: pedi 260,000, diski 390,000 kila moja. Jumla 1,040,000. Najua. Nilikaa nje kwenye benchi nikipiga hesabu ya viroba vya karoti. Halafu nikajumlisha nilichokwisha kutumia miezi saba iliyopita, pamoja na mzigo wa ile Ijumaa niliouza kwa hasara kwa sababu ulifika jioni, nikarudi ndani kulipa.

Kufunga tulifanya Lushoto, na hapa ndipo nataka mnisikilize kuliko kwenye bei. Fundi wangu alianza kwa kuinua gari na kuliweka kwenye stendi. Nati sita za tairi, spana 21. Akatoa kalipa, akaitundika kwa waya ili isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta. Diski zilikuwa zimegandana kwa kutu na habu, kile kitovu cha gurudumu. Badala ya kuzipiga nyundo, ambayo huumiza beringi, alifunga bolti mbili za kichwa 12 kwenye matundu madogo yaliyopo kwenye diski yenyewe, akazikaza zamu kwa zamu, diski ikasukumwa ikatoka yenyewe. Habu aliisugua kwa brashi ya waya hadi chuma kikaonekana, karibu nusu saa kila upande. Nilimuuliza kwa nini anahangaika hivyo. Akasema kutu ya unene wa karatasi ikibaki pale, diski inakaa upande, na baada ya miezi michache usukani unatetemeka, watu wanalaumu diski.

Diski mpya aliziosha mafuta yake kwa dawa ya kusafishia breki, na baada ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa uso kwa mikono. Mafuta ya breki ya zamani alimwaga yote. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Mafuta haya hunyonya unyevu, na huku kwetu ukungu unalala barabarani hadi saa nne asubuhi. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205. Ikishanyonya maji kiwango chake kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka kwenye kalipa yanatoa mvuke, na pedali inazama hadi chini. Tuliweka DOT 4, ambayo ikiwa mpya huanzia 230, tukatoa hewa gurudumu kwa gurudumu.

Nilidhani tumemaliza. Fundi akaingia chini upande wa nyuma, akakaa kimya muda mrefu, akaniita.

"Mama, springi hizi nani aliongeza?"

Nilimwambia nililinunua gari likiwa hivyo. Mwenyewe wa kwanza aliongeza majani mawili kila upande libebe zaidi. Akanionyesha kifimbo cha chuma kinachotoka kwenye ekseli ya nyuma kwenda kwenye valvu iliyofungwa kwenye chesesi. Hilux nyingi kama yangu, zisizo na ABS (mfumo wa kompyuta unaozuia magurudumu yasijifunge), zina valvu hii. Mzigo ukiwekwa, nyuma inashuka, kifimbo kinasukuma valvu, valvu inaruhusu breki za nyuma zipate presha zaidi. Gari likiwa tupu nyuma iko juu, valvu inapunguza presha ili magurudumu ya nyuma yasijifunge yakaserereka. Sasa ukiongeza springi, gari likibeba tani nzima bado nyuma iko juu. Valvu inadhani gari ni tupu. Breki za nyuma zinashika nusu nusu, na kazi yote inaangukia mbele.

Miezi saba nilikuwa naunguza pedi za mbele, na sehemu ya kisa ilikuwa nyuma! Alifungua dramu za breki za nyuma: shuu zake, ambazo huko nyuma ndizo zinazofanya kazi ya pedi, zilikuwa karibu mpya, hazijaliwa kabisa. Hilo peke yake lilipaswa kutuambia zamani.

Marekebisho ya valvu yanataka geji za presha, kwa hiyo nililipeleka gari Tanga kwa fundi mwenye geji, nikalipa 40,000. Walitoa jani moja kila upande, wakarekebisha kifimbo, wakapima presha gari likiwa tupu kisha likiwa na mifuko ya saruji. Shilingi 40,000 hizi ndizo nilizotumia vizuri kuliko zote. Kama una Hilux iliyoinuliwa nyuma na unalalamika pedi za mbele zinakwisha, anza kwa kuangalia kifimbo hicho kabla hujanunua chochote, hata kabla ya kununua hivi ninavyovisifu.

Kuzilainisha pedi mpya nilifanya kwenye lami tambarare kati ya Mombo na Korogwe, asubuhi mapema barabara ikiwa tupu. Kutoka mwendo wa 60 hadi 15, bila kusimama kabisa, mara kumi, nikiacha upepo uzipoze katikati. Mara ya saba ilitoka harufu kidogo, ikaisha. Kisha nikaendesha dakika kumi na tano bila kugusa breki. Usifanye hivyo kwa mara ya kwanza kwenye mteremko ukiwa na mzigo.

Matokeo sasa. Pedi zilianza na nyama ya milimita 11, wiki iliyopita zilikuwa 7, pande zote zinalingana. Diski kutoka 25 hadi 24.6. Usukani haujatetemeka hata mara moja. Pedali iko palepale, juu, nikiwa Lushoto na nikiwa nimefika Mombo. Rimu zina vumbi la kahawia kidogo, si ule weusi. Shuu za nyuma sasa zinaliwa, na nafurahi kuona zinaliwa.

Kulikuwa na kelele, mlio mwembamba asubuhi za baridi, wiki mbili za mwanzo. Nilianza kuzitilia shaka pedi. Kumbe fundi alisahau kurudisha vibati vyembamba vinavyokaa nyuma ya pedi upande wa kulia. Alivikuta kwenye sinia ya spana. Alivirudisha, akapaka grisi ya breki nyuma ya bati, mlio ukaisha.

Mambo mawili nimeyabadilisha kwenye uendeshaji. Kutoka Soni kwenda chini naingia gia ya pili kabla ya mteremko na nabaki nayo, breki nakanyaga kwa nguvu muda mfupi kisha naachia, siegemei pedali. Wanaonipigia honi nyuma nawasogelea pembeni wapite. La pili ni maji. Tukifika Mombo utingo alikuwa na desturi ya kumwagia rimu ndoo ya maji zipoe, kama wafanyavyo wa malori. Nimekataza. Chuma cha moto kikimwagiwa maji ya baridi upande mmoja kinapinda, na kinaweza kupasuka. Sasa tunatembea taratibu kilomita mbili za mwisho, upepo unafanya kazi hiyo.

Je, kila mtu atoe milioni moja? Kama pickup yako inazunguka Tanga mjini na magodoro, hapana. Tafuta pedi zenye herufi kutoka kwa muuzaji atakayekuandikia risiti yenye jina la duka, pima diski zako, na kama ziko 24 zenye uso safi baki nazo. Lakini wewe unayeshuka Soni, au Kitonga, au mteremko wowote ambao lazima ushuke na mzigo kila wiki, chukua diski na pedi kwa pamoja, pande zote mbili siku moja, na uende na mizani.

Diski ya zamani niliyoibeba hadi Gerezani iko kwa fundi wangu, ameitundika kwenye msumari mlangoni, na 21.8 imeandikwa juu yake kwa rangi nyeupe. Wateja wakimwambia awachongee, anawapa venia kwanza.